Homa ya Malaria: Ulinzi wa Mwili Unapozidi Kiasi

Hapana askari wala polisi wa Uganda asiyeijua malaria. Aliugua utotoni kijijini kwao, akaugua tena alipokuwa kuruta, na yamkini mwaka huu pia amekwisha kulala siku mbili tatu, meno yakigongana chini ya mablanketi matatu ilhali jua linawaka nje ya hema. Ugonjwa huu tumeuzoea mno, na kwa kuwa tumeuzoea twadhani twaujua. Lakini mwulize askari yeyote homa ile hutoka wapi. Atajibu kwamba mbu humwaga sumu ndani ya damu, au kwamba vimelea vya malaria ndivyo vinavyouchoma mwili. Majibu yote mawili hayatoshi. Moto ule huwashwa na mwili wenyewe. Ni mwili unaojihami, na namna unavyojihami ndiyo inayomtetemesha mtu, kumvunja viungo, na mara nyingine kumwua.

Elimu hii si ya madaktari peke yao. Mkuu wa platuni anayeamua nani aende doria na nani abaki kambini, sajini anayemshuku askari wake kuwa anakwepa kazi, na askari mwenyewe anayemeza vidonge viwili vya Panadol alfajiri ili asikose zamu ya lindo, wote hao huamua juu ya uhai wa mtu. Yafaa wajue kinachotendeka ndani ya damu yake.

Habari yenyewe ilianza kwa daktari wa jeshi na mgonjwa askari. Tarehe 6 Novemba 1880, katika hospitali ya kijeshi ya mji wa Constantine nchini Algeria, Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, aliitazama kwa hadubini damu ya askari mwenye homa, akaona vijidudu hai vikichezacheza humo. Hadi siku hiyo watu wa Ulaya waliamini kwamba malaria huletwa na hewa chafu itokayo mabwawani. Jina lenyewe la ugonjwa, kwa Kiitalia, maana yake ni hewa mbaya. Mwaka 1907 Laveran alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Miaka michache tu baada ya ugunduzi wake, Mwitalia Camillo Golgi alionyesha kwamba homa hupanda wakati ule ule vimelea vinapopasua chembe nyekundu za damu na kumwagika nje. Basi wataalamu wakahitimisha kwamba ndani ya chembe iliyopasuka lazima imo sumu, wakaanza kuitafuta.

Waliitafuta kwa miaka mingi. Ufumbuzi ulitoka upande ambao hawakuutazamia. Mwaka 1975, huko New York, watafiti wa saratani walipata katika damu ya panya kitu kilichoweza kuangamiza uvimbe wa saratani, wakakipa jina ambalo kwa kifupi huandikwa TNF. Kitu hicho hakikutoka kwa mdudu yeyote. Kilitoka kwa seli za panya mwenyewe. Mwaka 1981 Ian Clark wa Australia na wenzake wakatoa hoja ambayo wakati ule ilionekana ya ajabu: kwamba maradhi ya malaria, yaani homa, udhaifu, na hata kushindwa kwa viungo vya mwili, huletwa hasa na vitu vya namna hii ambavyo seli za mgonjwa huvitoa kwa wingi zinapokutana na vimelea. Kwa maneno mengine, kilichokuwa kikitafutwa kwa adui kilikuwa katika ghala letu wenyewe.

Vitu hivyo huitwa saitokini. Ni protini ndogo ndogo ambazo seli za mwili huzitoa ili kupelekeana habari na amri. Mfano ulio karibu nasi ni mawasiliano ya redio. Kikosi kikishambuliwa, mlinzi wa mbele hupasha habari, makao makuu hutoa amri, mizinga hufyatuliwa, akiba huitwa. Amri zisipotoka, kikosi huangamia. Zikitoka ovyo, mizinga huwapiga watu wa kikosi hicho hicho. Ziko saitokini za kuwasha moto, na katika malaria zinazotajwa mara nyingi ni TNF, intaleukini-1, intaleukini-6, intaleukini-12 na intaferoni gama. Ziko pia za kuuzima, na iliyo mashuhuri miongoni mwao ni intaleukini-10.

Sasa tufuate mapigano yenyewe tangu mwanzo. Mbu jike wa Anopheles aumapo humwingizia mtu vimelea vichache, pengine makumi tu. Hivyo hukimbilia kwenye ini na kukaa humo kwa muda wa wiki moja hivi, vikizaana kimya kimya. Siku hizo mtu hana homa wala maumivu. Hupiga gwaride, hula, hucheka na wenzake. Kisha maelfu ya vimelea hutoka katika ini, na kila kimoja hujipenyeza ndani ya chembe nyekundu ya damu. Aina iitwayo Plasmodium falciparum, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi hapa kwetu na ndiyo ya hatari zaidi, hula himoglobini iliyomo, hukua, hujigawa, na baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka na kutoa vimelea vipya vipatavyo 16, pengine zaidi. Vingi hufa kabla ya kupata chembe nyingine. Hata hivyo, mahali pasipo na kinga, idadi yao yaweza kuongezeka mara kumi kila baada ya siku mbili. Vimelea elfu kumi vya Jumatatu huwa milioni moja siku ya Ijumaa.

Chembe inapopasuka haitoi vimelea peke yake. Humwagika pia mabaki ya chakula chao, ambayo ni chembechembe nyeusi za hemozoini, pamoja na vipande vya ngozi yao na vya urithi wao. Katika wengu, katika ini na ndani ya damu yenyewe wamo walinzi, ambao ni seli kubwa nyeupe zinazoitwa makrofaji na jamaa zao. Seli hizi zina vipokezi maalumu vya kutambua takataka hizo kuwa ni za mgeni. Zikizitambua, hupiga ukelele kwa kumwaga TNF, intaleukini-1 na intaleukini-6 katika damu.

Ukelele huo hufika hadi kwenye ubongo. Ipo sehemu ndogo chini ya ubongo, haipothalamasi, inayoamua mwili uwe na joto la kiasi gani. Kwa kawaida huuweka kwenye nyuzi 37. Saitokini zikifika, sehemu hiyo hutengenezewa kemikali iitwayo prostaglandini, nayo hupandisha kipimo, tuseme hadi nyuzi 40. Hapo ndipo lipatikanapo jibu la fumbo la mablanketi matatu kwenye jua. Mwili wenye nyuzi 37 umeamriwa uwe na 40, kwa hiyo hujiona una baridi, hukaza mishipa ya ngozi na kutetemesha misuli ili upate joto. Joto likifikia 40 mtetemo hukoma, na mtu huanza kuungua. Amri ikiondolewa, jasho humtoka tele. Baridi, moto, jasho: askari wote wanaijua safari hiyo, ila wengi hawajui kwamba kila hatua yake ni amri iliyotolewa na ubongo.

Saitokini hizo hizo ndizo zinazoleta maumivu ya kichwa, kuvunjika viungo, kukosa hamu ya chakula na usingizi usio na raha. Hapa lipo jambo la kuzingatiwa sana. Mwili hutumia saitokini zile zile unapopambana na mafua makali, na homa ya matumbo, na UVIKO-19 uliotushika mwaka 2020, na maambukizo mengine mengi. Ndiyo sababu magonjwa haya huanza kwa sura moja. Askari asemaye, "Hii ni malaria, naijua," hasemi kweli, kwa maana anachokijua ni sauti ya saitokini zake tu, na sauti hiyo ni moja kwa maadui wengi. Bila kupima damu hakuna awezaye kujua, awe askari, awe sajini, awe daktari mwenye miaka thelathini kazini.

Je, moto huu una faida? Unayo, na kubwa. Intaleukini-12 huziamsha seli nyingine za ulinzi, nazo hutoa intaferoni gama, ambayo huwapa makrofaji nguvu ya kuzimeza chembe zenye vimelea na kuziteketeza. Joto lenyewe pia ni silaha; majaribio ya maabara yameonyesha kwamba vimelea vinavyokaribia kukomaa hufa kwa wingi katika nyuzi 40. Mtu asiye na saitokini hizi angeshindwa mapema, kwani vimelea vingezaana bila kizuizi hadi damu yote ikaisha. Kwa hiyo asidhani msomaji kwamba tunaishutumu kinga ya mwili. Twasema tu kwamba ina kiasi chake.

Kiasi hicho kikipita, maafa huanza. Mwaka 1990 watafiti waliofanya kazi nchini Gambia walitangaza vipimo vya TNF katika damu ya watoto wenye malaria. Watoto waliopata malaria ya kichwani, ambayo humfanya mtu apoteze fahamu, kisha wakapona, walikuwa na TNF ya kadiri ya mara mbili kuliko wenye malaria ya kawaida. Wale waliokufa walikuwa nayo kadiri ya mara kumi.

Sababu mojawapo ya maafa hayo yastahili kuelezwa, maana ni hila ya kivita. Chembe nyekundu iliyokwisha kuvamiwa na falciparum hutokeza vinundu juu ya ngozi yake, na juu ya vinundu hivyo kimelea huweka protini zake za kunatia. Haja yake ni kujibandika kwenye kuta za mishipa midogo ili asipite katika wengu, kwa kuwa wengu ndicho kizuizi cha barabarani ambako chembe mbovu hukamatwa na kuharibiwa. TNF inapoenea, kuta za mishipa nazo hubadilika. Huotesha kwa wingi vishikizo ambavyo mwili ulivikusudia kwa ajili ya askari wake, seli nyeupe, ili zijue pa kushuka. Kimelea huvishika vishikizo hivyo hivyo. Ni kama kikosi kinachowasha taa za uwanja wa ndege usiku kwa ajili ya ndege zake, na ndege za adui zikatua. Katika ubongo mishipa huzibika, hewa safi na sukari hupungua, asidi huongezeka katika damu. Madaktari wa hospitali ya Blantyre nchini Malawi walitumia mashine ya kupiga picha za ndani ya ubongo, na mwaka 2015 wakaonyesha kwamba wengi wa watoto waliokufa kwa malaria ya kichwani walikuwa na ubongo uliovimba sana, ukabanwa ndani ya fuvu hadi pumzi ikakatika.

Kuna pia kifo cha polepole. TNF na wenzake, wakidumu katika damu kwa wiki nyingi, huzuia uboho wa mifupa usitengeneze chembe nyekundu mpya. Watafiti wa Ghana na wa magharibi ya Kenya walikuta kwamba watoto wenye upungufu mkubwa wa damu kutokana na malaria walikuwa na intaleukini-10 kidogo mno ikilinganishwa na TNF yao. Moto uliwaka, wa kuuzima hakutosha. Kwa wanawake wajawazito, na miongoni mwetu wamo askari wa kike na wake wa askari, vimelea hujikusanya katika kondo la nyuma, saitokini huongezeka mahali hapo, na mtoto huzaliwa na uzito mdogo.

Mtu aliyesoma hadi hapa huenda akauliza: ikiwa saitokini ndizo zinazoua, kwa nini madaktari wasizizime? Swali hilo ni zuri, na wataalamu walijiuliza pia. Nchini Thailand walijaribu deksamethasoni, dawa kali ya kutuliza uvimbe, kwa wagonjwa 100 wa malaria ya kichwani. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1982 yalikuwa ya kuhuzunisha: vifo havikupungua, waliopona walikaa muda mrefu zaidi bila fahamu, na matatizo kama nimonia na kutokwa damu tumboni yakaongezeka. Mwaka 1987 likaja tumaini jipya, kwani panya waliopewa kingamwili za kuikamata TNF waliokoka malaria ya kichwani. Basi kingamwili za namna hiyo zikajaribiwa huko Gambia kwa zaidi ya watoto 600. Mwaka 1996 matokeo yakatoka. Homa ilishuka upesi zaidi kwa waliopewa dawa hiyo. Vifo vilibaki vile vile, na miongoni mwa waliopona, waliobaki na kasoro za ubongo na neva walikuwa wengi zaidi kuliko wale ambao hawakupewa.

Matokeo hayo ya Gambia yastahili kufikiriwa na kila afisa. Homa ilishuka, mgonjwa hakuokoka. Mtoto afikapo hospitali akiwa amepoteza fahamu, vimelea vimekwisha kujibandika na mishipa imekwisha kuziba. Kuunyamazisha ukelele wakati huo hakumwondoi adui aliyekwisha kuingia ndani ya boma.

Kilichookoa watu ni kumwua kimelea haraka. Na hapo tena jeshi limo. Mnamo Mei 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, kwa kuwa askari wa Vietnam ya Kaskazini walikuwa wakiangamia kwa ugonjwa huo msituni. Mtafiti Tu Youyou na wenzake waliipata dawa hiyo katika mmea uliotumiwa na waganga wa Kichina tangu kale, naye akatunukiwa Nobel mwaka 2015. Kutokana na mmea huo hutengenezwa atesuneti, dawa ya sindano kwa wagonjwa mahututi. Mwaka 2005 utafiti wa Asia uliohusu wagonjwa 1,461 ulionyesha kwamba kati ya waliopewa atesuneti walikufa asilimia 15, na kati ya waliopewa kwinini asilimia 22. Mwaka 2010 utafiti kama huo katika nchi tisa za Afrika, Uganda ikiwamo, ukihusu watoto 5,425, ulipata asilimia 8.5 dhidi ya 10.9. Sababu moja ya ushindi huo ni kwamba atesuneti huua vimelea vingali vichanga, kabla havijajibandika kwenye mishipa na kabla chembe hazijapasuka. Kwinini huvingoja vikue kwanza.

Nimesema kwamba wengi hufa kwa kuzidi kwa ulinzi. Lakini kila mkazi wa vijijini amewaona watu wazima wenye vimelea katika damu ambao hawalali hata siku moja. Katika wilaya ya Apac, watafiti waliopima mbu mwaka 2001 na 2002 walikadiria kwamba mtu mmoja huumwa na mbu wenye vimelea mara 1,586 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara nne kila usiku. Mtu mzima aliyekulia mahali kama hapo hana kingamwili nyingi tu. Seli zake zimekwisha kujifunza kutopiga kelele kwa kila takataka. Hutoa saitokini kwa kiasi, na intaleukini-10 huja mapema. Hilo lilikwisha kuonekana zamani. Mwaka 1917 daktari wa Vienna, Julius Wagner-Jauregg, aliwaambukiza malaria kwa makusudi wagonjwa wa akili wenye kaswende, akiamini homa kali itawaponya. Damu aliyoanzia ilitoka kwa askari aliyerudi kutoka medani ya Macedonia. Kwa kazi hiyo alipewa Nobel mwaka 1927. Sisi leo tunaiona kazi yenyewe kuwa ya kikatili, lakini waliofuata nyayo zake walijifunza jambo moja: mtu asiyepata kuugua hupandwa na homa vimelea vikiwa vichache mno, na aliyekwisha kuugua mara nyingi huvivumilia vingi kabla ya kutetemeka.

Uvumilivu huo haupatikani kila mahali, wala haudumu milele. Kuruta aliyezaliwa katika milima ya Kigezi, ambako baridi huwapunguza mbu, si sawa na mwenzake wa Lango, ijapokuwa wamesimama mstari mmoja na kuvaa sare moja. Na yule wa Lango, akikaa muda mrefu kozini ng'ambo au mahali penye malaria chache, hupungukiwa na kinga yake. Akirudi hujidhania yu yule yule wa zamani. Mkuu wa kikosi apokeapo askari kutoka sehemu mbalimbali hana budi kulijua hili, kwa maana mbu wa kambi moja atawaangusha wengine kwa siku tatu, wengine kwa wiki mbili, na wengine hatawaangusha kabisa, wala hiyo haitakuwa dalili ya ushujaa au ya uvivu.

Babu zetu wa KAR walilijua kwa uchungu. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari wa Uganda, Kenya, Tanganyika na nchi jirani, iliteremka katika bonde la Kabaw huko Burma, bonde lililosifika kwa malaria. Walikuwa chini ya Jenerali William Slim wa Uingereza, ambaye aliandika baadaye kwamba alipoanza kuliongoza jeshi lake mwaka 1943, kwa kila mtu mmoja aliyerudishwa nyuma kwa jeraha, watu 120 walirudishwa kwa maradhi, na kwamba malaria peke yake ilishika asilimia 84 ya jeshi kwa mwaka. Slim hakuwalaumu askari. Aliamuru vidonge vya mepakrini vimezwe mbele ya maafisa, akapeleka wapimaji wa damu kwa ghafla, na wakuu watatu wa vikosi ambavyo vidonge havikuonekana vya kutosha katika damu za watu wao aliwavua madaraka. Kwa maoni yangu hilo ni funzo la uongozi kuliko la udaktari.

Turudi basi kwa yule anayemeza Panadol alfajiri. Kidonge hicho huzuia prostaglandini katika ubongo, kwa hiyo kipimo cha joto hushuka, na kichwa hutulia kwa saa nne au sita. Madaktari nao hukitoa, wala si kosa kukimeza. Kosa ni kudhani kimetibu. Vimelea haviguswi nacho. Katika saa zile mtu anapojiona mzima, chembe zinaendelea kupasuka, na ile hesabu ya Jumatatu na Ijumaa inaendelea. Askari wa namna hiyo akipelekwa doria ya siku tatu porini, ataanguka siku ya pili mahali pasipo gari wala sindano, na wenzake wanne watamchukua kwa machela. Basi mtu mmoja aliyeonewa haya kulala kambini amewatoa watano kazini.

Kipimo cha haraka cha kidole hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20, na hakihitaji umeme wala hadubini. Kikionyesha malaria, dawa mseto ya vidonge humezwa mara mbili kwa siku kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili iingie vema katika damu. Homa mara nyingi huisha siku ya pili, na hapo ndipo askari wengi huviweka mfukoni vidonge vilivyosalia ili wamgawie rafiki. Saitokini zimetulia kwa sababu vimelea vimepungua, si kwa sababu vimekwisha. Mgonjwa anayetapika kila anachomeza, anayeropoka, anayeshikwa na degedege, mwenye macho ya manjano, anayehema mbio au aliyeshindwa kusimama, huyo hana muda wa vidonge. Ni wa sindano ya atesuneti na hospitali siku hiyo hiyo.

Baada ya tiba, mtu hubaki mnyonge kwa siku kadhaa, ijapokuwa damu yake imesafishwa. Hilo nalo si uongo. Mabaki ya vimelea huendelea kusafishwa na makrofaji, chembe nyekundu zilizopotea hazijarudishwa, na misuli iliyotetemeshwa usiku kucha haijapumzika. Kipimo cha kidole chaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa hata kimelea cha mwisho kikiwa kimekufa, kwa kuwa kinapima protini iliyobaki katika damu; asipewe dawa tena kwa sababu ya kipimo hicho pekee, bali atazamwe kwa hadubini. Daktari wa kikosi akimwandikia siku mbili au tatu za kazi nyepesi, afanye kazi za ofisini au ghalani, na zamu yake ya usiku ashike mwingine hadi siku hizo ziishe.